Kaseti za gemu: nunua mali, usinunue nailoni

KATIKA muda wa siku tatu mwezi Julai 2021, nyumba ya mnada ya Heritage Auctions ya Dallas, Marekani, iliuza kaseti mbili za gemu za video kwa bei zilizowaacha midomo wazi hata wazoefu wa biashara hiyo. Tarehe 9, kaseti ya The Legend of Zelda ya mwaka 1987 ilikwenda kwa dola 870,000. Tarehe 11, kaseti ya Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilifika dola milioni 1.56, ambazo kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule ni takriban shilingi bilioni 3.6. Zote mbili zilikuwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani, hazijafunguliwa hata mara moja.

Habari kama hizo hazipiti bila kuacha watu wakipiga hesabu. Yupo mfanyabiashara anayeleta makontena ya mitumba ya vifaa vya umeme, ambaye hukuta kaseti hizi zimechanganywa na redio na deki kuukuu, na hadi sasa amekuwa akiziuza kwa fungu. Yupo pia mwekezaji mdogo mwenye akiba kidogo, aliyechoka kusubiri gawio la hisa. Wote wawili wana swali moja: je, kuna fedha humo?

Jibu langu ni kwamba fedha zipo, ila haziko pale vichwa vya habari vinapotuelekeza. Kwa mtu wa mtaji mdogo, faida katika biashara hii iko kwa anayefungua kaseti na kuitengeneza. Anayenunua kaseti ambayo haruhusiwi kuifungua ananunua kitu kingine kabisa.

Nini hasa kiliuzwa?

Tuanze na ile ya dola milioni 1.56. Super Mario 64 si gemu adimu. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 11 duniani. Ukiitaka nakala iliyotumika, inayocheza vizuri, unaipata bila taabu na kwa fedha ndogo. Kilichokuwa adimu ni hali ya boksi na ya nailoni yake, ambayo kampuni ya ukaguzi ya Wata ilikuwa imeipa alama 9.8 kati ya 10 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kusimama na kufikiri. Uadimu wa bidhaa na uadimu wa alama ni vitu viwili tofauti. Bidhaa ambayo kiwanda kilitengeneza chache haiwezi kuongezeka. Alama ya juu inaweza kuongezeka kesho asubuhi, maana bei ikipanda, kila aliyesahau boksi kabatini atalitoa na kulipeleka kukaguliwa. Bei yenyewe huita ushindani wake. Mkulima wa vitunguu anaijua habari hii kuliko wataalamu wengi wa fedha.

Jambo la pili ni hesabu ya mnada. Bei zinazotangazwa hujumuisha ada ya mnunuzi, ambayo katika mauzo hayo ilikuwa asilimia 20. Kwa hiyo nyundo iligongwa kwenye dola milioni 1.3, na dola 260,000 zilizobaki zilikuwa ada. Maana yake ni hii: ukinunua leo na kuuza kesho kwa nyundo ile ile, umekwisha kupoteza ile ada yote, hata kabla muuzaji hajakatwa gharama za upande wake. Bei inabidi ipande kwa asilimia 20 ndipo urudishe fedha yako tu. Hisa za Soko la Dar es Salaam huweza kudorora, lakini hazikudai pengo la namna hiyo siku ya kwanza.

Mizani iko mikononi mwa nani?

Mkulima wa korosho wa Mtwara anajua hatari ya kuuza kwa mtu ambaye ni mnunuzi na papo hapo ndiye mwenye mizani na ndiye mpanga madaraja. Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho, moja ya hoja zake ilikuwa kutenganisha kupima na kununua. Soko la kaseti zilizofungwa lilikua haraka kuliko utaratibu wa kulilinda.

Mwezi Februari 2019 ilitangazwa kuwa kaseti ya Super Mario Bros. imeuzwa kwa dola 100,150. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gemu moja kuvuka dola 100,000, na habari ilienea duniani. Walionunua walikuwa watu watatu kwa pamoja, na mmoja wao ni miongoni mwa waanzilishi wa Heritage Auctions, nyumba ile ile iliyokuwa imeanza kuuza kaseti zilizokaguliwa. Mwaka 2022 ilifunguliwa kesi Marekani dhidi ya kampuni ya ukaguzi ikidai, pamoja na mengine, kwamba ilishiriki kukuza bei za soko. Madai si hukumu, na safu hii haimhukumu mtu. Lakini mwekezaji hahitaji hukumu ya mahakama ili ajiulize swali la kawaida: wanaopima, wanaouza na wanaonunua, wana umbali gani kati yao?

Wapo watakaonijibu kwamba watu walipata faida. Ni kweli. Kampuni ya Rally, inayouza vipande vya umiliki kwa wawekezaji wadogo, ilinunua Super Mario Bros. iliyofungwa kwa dola 140,000 mwaka 2020, na Agosti 2021 ikauzwa kwa dola milioni 2. Hiyo ni zaidi ya mara 14. Hongera kwao. Lakini soko la kweli hupimwa kwa wanunuzi wanaorudi kila wiki, wala mnunuzi mmoja hatoshi kulifanya. Kuanzia mwaka 2022 moto huo ulipoa, na walioingia mwishoni wakabaki na makasha ya plastiki na kumbukumbu ya bei.

Uadimu wa kweli

Sisemi kwamba uadimu haupo. Mwaka 1990 kampuni ya Nintendo iliendesha mashindano katika miji ya Marekani na kutengeneza kaseti maalumu kwa ajili hiyo. Za rangi ya kijivu zilikuwa 90 kwa waliofika fainali, na za rangi ya dhahabu 26 zilitolewa kupitia jarida lake. Jumla ni 116, na hakuna kiwanda kitakachoongeza nyingine. Ipo pia Stadium Events ya mwaka 1987, iliyoondolewa madukani mapema baada ya Nintendo kuchukua zulia la kuchezea lililouzwa pamoja nayo na kulipa jina jipya. Nakala za Marekani zilizofika kwa wateja ni chache mno.

Na wakati mwingine hadithi peke yake hutosha. Mwaka 1983 kampuni ya Atari, ikiwa imeelemewa na bidhaa zisizouzika, ilifukia shehena ya kaseti katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Zikafukuliwa Aprili 2014. Mji ukaziuza mnadani, chafu na zilizopondeka, pamoja na hati ya uthibitisho, na kukusanya zaidi ya dola 100,000. Takataka ile iligeuka mali kwa sababu asili yake ilijulikana bila shaka yoyote. Idadi inayojulikana na asili inayothibitika ndivyo vinavyobeba bei. Kasha la plastiki linakuja baadaye sana.

Betri ya Zelda

Sasa turudi kwenye ile Zelda ya dola 870,000, maana ndani yake kuna somo kubwa kuliko bei yake. Kaseti hiyo huhifadhi mahali mchezaji alipofikia. Hufanya hivyo kwa chipu ndogo ya kumbukumbu inayolishwa na betri bapa ya aina ya CR2032, ile ile inayotumika kwenye kompyuta na mizani za dukani. Betri ile iliwekwa kiwandani katika miaka ya 1980. Betri huchakaa. Mwenye kaseti hawezi kujua kama yake bado ina nguvu au imekufa, na hawezi kuibadilisha, kwa sababu akichana nailoni ameua dola zake mwenyewe. Amelipia gemu ambayo haruhusiwi kujua kama inacheza.

Fundi wa Kariakoo hana tatizo hilo. Mwaka jana nilipata mashine ya Nintendo na kaseti zake kutoka katika mzigo wa mitumba ya Uingereza. Kaseti moja ilikuwa inawaka na kuzima. Nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini tena?"

Akaigeuza, akanusa, akafungua skrubu, akatazama pini. "Hii haijafa. Imechafuka tu. Nani alikuwa anaipuliza?"

Aliuliza swali la kitaalamu. Kupuliza kaseti kwa mdomo, kama tulivyofanya wengi utotoni, hupeleka unyevu kwenye pini na kuzileta kutu. Mashine ya Nintendo ina chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake ndani ya kaseti. Pini zikichafuka mazungumzo hukatika, na mashine hujizima na kujiwasha kila sekunde. Mzee alitumia spiriti na pamba ya masikio. Kazi ilichukua dakika kumi, nikalipa shilingi 5,000. Kaseti iliyokuwa inauzwa kama takataka ikawa bidhaa inayofanya kazi.

Huo ndio ukingo wa faida ninaousema. Unanunua kitu kwa bei ya kibovu, unaongeza ujuzi, unauza kwa bei ya kizima. Betri mpya ni bei ndogo. Pasi ya kulehemu na risasi mafundi wetu wanazo. Kinachotakiwa ni uangalifu: tumia betri yenye vibati vyake tayari, usichomelee moja kwa moja juu ya betri maana joto linaweza kuipasua, na mweleze mteja kwamba ukiitoa ya zamani, michezo aliyohifadhi itafutika.

Kufungua kuna faida nyingine kubwa, nayo ni kutambua bandia. Bei zilipopanda, nakala za kughushi zilijaa. Lebo huigwa kwa urahisi na kasha la plastiki pia. Bodi ya ndani ni ngumu kuigwa. Kaseti halisi ya Nintendo huwa na jina la kampuni na mwaka juu ya bodi, na chipu zenye namba zake. Aghalabu bandia huonyesha donge jeusi la gundi au chipu za kisasa zisizolingana na umri wa kaseti. Bisibisi maalumu ya milimita 3.8 inatosha kukuonyesha ukweli.

Tahadhari kwa soko letu

Nimalizie kwa wale walioanza kupekua makabati. Kaseti nyingi tulizochezea hapa kwetu, zile za manjano zenye kutangaza maelfu ya gemu ndani yake, zilikuwa nakala zisizo na kibali za mashine ya Kijapani ya Famicom ya mwaka 1983. Zina pini 60, wakati za Nintendo ya Marekani na Ulaya zina 72. Ni kumbukumbu nzuri, lakini hazitakulipia karo ya mtoto. Na kaseti ya Marekani haichezi kwenye mashine ya Uingereza bila marekebisho, kwa sababu chipu za ulinzi zinatofautiana. Kabla ya kununua mzigo, uliza umetoka nchi gani, na usitumie bei za Marekani kukadiria mali ya Ulaya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tazama bei zilizouzwa kweli, usidanganyike na bei zinazoombwa. Toa ada ya mnada kabla ya kuhesabu faida. Usiweke humo fedha utakayoihitaji mwaka huu, maana mnunuzi wa kitu cha pekee haji kwa saa yako. Na kama mtaji wako ni mdogo, anza na kaseti chafu tano na fundi mmoja mwaminifu. Mtakapozifungua mtajua mlichonunua, na hilo aliyelipa dola 870,000 hawezi kulisema.