Somo la mikoko huanzia Ondiri

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, magharibi mwa jiji, na maji yake huishia baharini kaskazini mwa Malindi. Njiani hubadilisha jina: ukishapita Chiromo, Globe na Gikomba huingia Mto Athi, Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na karibu na Pwani huitwa Sabaki. Mikoko iliyo mlangoni pa Sabaki hunyweshwa, pamoja na mengine, maji yaliyopita nyuma ya nyumba za Kawangware na Lavington.

Mwanafunzi wa Nairobi hukutana na mkoko kama mchoro wa kunakili, wenye mishale na majina. Shule inayongoja nauli ya Pwani ndipo ifundishe huchelewa bure, kwa kuwa sehemu kubwa ya somo hilo hufikika kwa matatu ya Kikuyu.

Ondiri ni kinamasi cha takriban hekta 30. Mimea yake imefumana ikawa mkeka unaoelea, na anayeukanyaga huhisi ardhi ikitikisika. Fimbo ikichomekwa kwenye tope na kuchomolewa, hutoka harufu ya yai viza. Hewa haifiki chini, na kazi ya kuozesha imeachiwa bakteria wasiohitaji oksijeni. Tope la mikoko hunuka vivyo hivyo. Mwanafunzi akishanusa, swali hujileta lenyewe: mti utapumuaje humu? Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza mizizi myembamba juu ya tope, imesimama kama penseli. Mkoko wenyewe (jina hili ni la mti mmoja kabla ya kuwa la jamii nzima) husimama juu ya mizizi ya matao, yenye vitundu vya kupitishia hewa.

Tope hilohilo hueleza habari ya kaboni, ambayo vitabuni hukaa kama fumbo. Pasipo hewa majani yaliyokufa huoza polepole mno, na kaboni yake hubaki imezikwa. Ndiyo maana wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, hulipwa kwa kuutunza msitu wao wa mikoko, na fedha hizo zimeingia kwenye maji na shule.

Chumvi haimo Ondiri, na mwalimu asijifanye kwamba imo. Jani la mchu hutoa chumvi ambayo ulimi huionja, na tunda la mkoko huota lingali mtini kabla ya kudondoka topeni. Hayo yangoje safari.

Katikati ya jiji kuna somo la pili, nalo ni la udongo. Linahitaji chupa tatu za kioo: moja ya maji ya Ondiri, moja ya Kirichwa Kubwa, tawi la Mto Nairobi linalopita Arboretum, na moja ya mtoni karibu na Globe. Ya mwisho huchotwa kwa ndoo na kamba, mikono ikiwa ndani ya glavu, maana maji yale yana kinyesi. Chupa hulazwa darasani usiku mmoja, na asubuhi mashapo hupimwa kwa rula. Zoezi hurudiwa kiangazi na masika, kwa sababu kipimo kimoja hakisemi lolote.

Mashapo kidogo huifaa mikoko, kwani ndiyo ardhi ambamo huota. Yakizidi hufukia mizizi ya kupumulia na mti hufa umesimama, kama ilivyotokea kwenye hori la Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mwache haupokei maji ya Athi, lakini kanuni ni ileile, na wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka kahawia kwa udongo ulioteremka kutoka bara.

Darasa lililopitia hayo likifika Pwani huwa na cha kutafuta. Gazi kuna daraja la mbao la kina mama linalopita katikati ya mikoko. Mizizi huonekana vizuri maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo. Kwa hiyo tarehe ya safari huchaguliwa kwa kalenda ya mwezi kwanza, ratiba ya shule baadaye.