Mti wa Kwinini na Haki ya Walioutunza

Wengi wetu tunaufahamu uchungu wa kwinini. Dawa hiyo imewaokoa watu wasiohesabika katika bara letu na malaria. Lakini ni mara ngapi tumejiuliza imetoka wapi, na wale waliotupatia walipata nini? Kwa maoni yangu, historia ya mti huo ni somo la haki ambalo Kanisa halina budi kulifundisha.

Mti wa kwinini asili yake ni misitu ya milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Taifa la Peru liliuweka katika nembo yake mwaka 1825. Katika karne ya 17 Wajesuiti walipeleka magome yake Roma, na Kardinali Juan de Lugo akayagawa bure kwa maskini wa mji huo. Hapo dawa ilikuwa tendo la huruma. Baadaye ikawa biashara kubwa.

Mwaka 1865 Manuel Incra Mamani, Mwaymara wa Bolivia, nchi jirani ya Peru, alimkusanyia mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, mbegu bora za mti huo. Waholanzi walinunua sehemu ya mbegu hizo, wakazipanda kisiwani Java, na kufikia miaka ya 1930 mashamba yao yalikuwa yakitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia nzima. Mamani alitiwa gerezani katika nchi yake kwa kosa la kukusanya mbegu, akapigwa, akafa kwa mateso hayo. Na katika misitu ya Peru, ambako magome yalivunwa bila kiasi, mti wa nembo ya taifa umekuwa adimu.

Mtu ataniuliza: "Padre, kama mbegu zisingetoka huko, si tungeangamia sisi?" Swali hilo ni la haki, maana hata Amani, katika milima ya Usambara, mti huo ulipandwa wakati wa Wajerumani. Kanisa lafundisha kwamba mema ya dunia yaliumbwa kwa ajili ya watu wote. Kwa hiyo kumpa mgonjwa dawa ya mbali si dhambi. Lakini fundisho hilohilo lamhukumu yule anayekifanya kilicho cha wote kuwa faida ya wachache, huku waliokitunza wakiachwa mikono mitupu. Ahabu naye alilitamani shamba la Nabothi, na Mungu hakunyamaza.

Peru ilitunga sheria mwaka 2002 kulinda ujuzi wa wenyeji kuhusu mimea yao. Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana katika Itifaki ya Nagoya kwamba anayetaka kutumia mimea ya nchi nyingine aombe idhini kwanza, kisha wagawane faida kwa haki. Hayo ni mema, lakini karatasi peke yake haizuii shoka. Katika mkoa wa Madre de Dios wachimbaji haramu wa dhahabu wamefyeka misitu na kuitia mito sumu ya zebaki. Papa Fransisko alipofika huko, mjini Puerto Maldonado, Januari 2018, aliwaambia wenyeji wa Amazonia kwamba huenda hawajawahi kutishwa katika ardhi yao kama sasa.

Nasi tunayo misitu, na tunao wazee wanaojua mti upi unatibu nini. Kila kamati ya Haki na Amani parokiani iketi na wazee hao kabla ujuzi wao haujazikwa pamoja nao. Akija mgeni kutafuta majani au mizizi, aulizwe mbele ya kijiji: nani amekuruhusu, dawa itauzwa wapi, na kijiji kitapata nini? Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Kuuliza hivyo si uchoyo. Ni kutimiza wajibu wa mawakili, ambao Bwana wao atawadai hesabu ya bustani aliyowakabidhi.