Nafsi ya Kwanza Yenye Bunduki: Je, Michezo ya Zamani ya Tarakilishi Ingali na Thamani?

Kila mwanafunzi wa fasihi amewahi kutakiwa katika mtihani aeleze dhima ya msimulizi wa nafsi ya kwanza. Aghalabu tunamtaja Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, tunaeleza kwamba hatuoni ila alichokiona yeye, kisha tunafunga karatasi na kwenda zetu. Ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kuwa nafsi hiyo hiyo imekuwa na makao mengine tangu miaka ya 1990: michezo ya tarakilishi ambamo mchezaji haoni mwili wa mhusika wake, huona tu mikono iliyoshika silaha, na ulimwengu wote humjia kupitia macho ya mhusika huyo. Swali ni iwapo ile ya zamani, Doom ya 1993, Quake ya 1996 na Half-Life ya 1998, ingali inastahili kuchezwa leo. Nadhani inastahili, japo si kwa sababu zinazotolewa mara nyingi.

Sababu ya kwanza kutajwa huwa ni ya mfuko. Ukiingia katika vibanda vya michezo mjini Migori au Homa Bay, utakuta soka ndiyo inayotawala: vijana wawili wawili, kila mmoja na timu yake ya Uingereza, na foleni nyuma yao. Michezo ya bunduki ya zamani huishi kwingineko, katika tarakilishi za mitumba zilizokwisha kutumiwa na ofisi za ng'ambo na sasa zinazeekea katika vyumba vya wanafunzi. Doom ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Tarakilishi kuukuu huiendesha bila intaneti wala gharama ya bando, na kwa kuwa kampuni ya id Software iliutoa msimbo wake kwa umma mwaka 1997, wapenzi wake wameihamishia katika mashine za kila aina. Hoja hii ni ya kweli, lakini haitoshi. Mchezo hauwi mzuri kwa kuwa rahisi kupatikana. Wala ukongwe peke yake si hoja: ajua, bao la Wajaluo, ni kongwe kuliko tarakilishi zote, lakini wanaoicheza hawaichezi kwa kuwaheshimu mababu, huicheza kwa sababu hesabu yake bado inawasumbua.

Wapo wahadhiri wanaoshikilia kwamba michezo hii ni sumu kwa vijana. Wachezaji huwacheka, nami nadhani wanakosea kucheka. Miji hii miwili imesikia bunduki za kweli. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na tena baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, wapo watu wa Migori na Homa Bay waliouawa kwa risasi za polisi. Aliyewahi kulala sakafuni chini ya dirisha akisubiri milio ikome ana haki ya kuuliza ni burudani gani hiyo inayomtaka mtu ashike bunduki kwa hiari.

Doom hukwepa swali hilo. Adui zake wengi ni mazimwi ya jehanamu yaliyovamia miezi ya sayari ya Mihiri, hivyo iko karibu zaidi na ngano kuliko vita. Shujaa huua zimwi, mlango hufunguka, zimwi jingine hutokea. Kwa mwanafunzi wa fasihi, saa moja yatosha. Quake ni hadithi hiyo hiyo iliyopakwa rangi ya udongo, waama sijui nimwambie nani apoteze Jumamosi yake kwayo.

Half-Life ndiyo inayolikabili swali. Mchezaji ni Gordon Freeman, mwanasayansi kijana anayefika kazini kwa reli katika maabara ya siri iliyofichwa chini ya jangwa la New Mexico, Marekani. Jaribio linaharibika, viumbe wa ajabu wanavamia, na waliosalia wanatiana moyo kwamba jeshi limetumwa kuwaokoa. Tumaini hilo linamsindikiza mchezaji kwa muda mrefu. Kisha anamwona mwanasayansi mwenzake akimkimbilia askari kwa furaha ya kuokolewa, na askari huyo anampiga risasi. Jeshi limekuja kuwanyamazisha walioona. Tukio halikatizwi na filamu, wala hakuna msimulizi anayejitokeza kulifafanua. Tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo, hatuyatoki macho ya Freeman. Anayecheza anasimama pale pale penye ukumbi, shahidi asiyekusudia kuwa shahidi. Sidhani kijana wa Homa Bay atahitaji mhadhara kulielewa tukio hilo.

Baadaye ilizuka michezo mingi iliyomtia mchezaji ndani ya sare ya askari na kumkatizia safari kwa filamu za kumweleza nani mwema na nani mbaya. Ni mizuri kwa macho. Hata hivyo, nafsi ya kwanza inayoazimwa macho ya mtu mwingine kila mambo yanapokuwa mazito si nafsi ya kwanza kamili, na mhadhiri angeikata alama katika riwaya.

Sisemi kwamba Half-Life haina dosari. Freeman naye huua, na huwezi kuumaliza mchezo ukiwa umeitua bunduki chini; shahidi hapewi nafasi ya kushuhudia tu. Isitoshe, Freeman hasemi neno hata moja. Hapa ndipo ningetamani wanaisimu na wanafasihi wetu waketi pamoja, kwani nafsi ya kwanza isiyo na kauli haimo katika vitabu vyetu vya nadharia. Kazimoto hunena kurasa nzima. Freeman hunyamaza, na anayecheza ndiye anayepiga ukelele chumbani, kwa Kidholuo, kwa Kiswahili au kwa Sheng, kulingana na alivyoshtuka.

Sisi tumezoea kuiita michezo hii "gemu za bunduki". Ningependekeza "michezo ya nafsi ya kwanza", na anayeona jina hilo halifai aandike katika toleo lijalo, ila kwanza aicheze Half-Life hadi pale askari wanapofika.