Barua mia za mzee na saa ya miaka 12

Wadau, leo tuache stori za bumu. Kila nikirudi Kasingirima wazee wa barazani wananiuliza: mwanasheria wetu, eti jeshi likikaa kwenye ardhi yako ukachelewa kushtaki, ndiyo basi?

Kwa kifupi, ndiyo basi. Sheria ya Ukomo ya 1971 inakupa miaka 12 kudai ardhi. Ikipita, wakili wa Serikali anaweka pingamizi na kesi inatupwa kabla hata ya kuulizwa shamba ni la nani. Ukikata rufaa, huko juu mtabishana kalenda, siyo mipaka.

Sasa chukua mfano wa mzee ambaye kambi imemeza shamba lake. Anaandika kwa mkuu wa mkoa, wizarani, kwa mbunge. Anaambiwa subiri, tathmini inakuja. Anasubiri kwa adabu (nani agombane na wenye bunduki?), kumbe saa inatembea. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri la P & O International dhidi ya TANAPA, Rufaa ya Madai Na. 265 ya 2020, kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi muda. Kinachoweza kuanzisha hesabu upya ni maandishi yenye saini ya anayeikalia, akikiri kabla muda haujaisha kuwa ardhi ni yako. Yaani barua 100 ulizopeleka hazifui dafu kwa moja uliyoletewa. Na hizo "subiri" jamani, nyingi ni za mdomo!

Muda ukiisha, jaji hawezi kukuongezea wa kufungua kesi. Anaweza Waziri wa sheria, isizidi nusu, yaani miaka 6, tena baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huyo huyo unayemshtaki!

Mi sipingi ukomo. Majirani wasiburuzane miaka 40 mashahidi wameshazikwa. Ila miaka ambayo Serikali yenyewe ilisema subiri isihesabiwe, na nyongeza atoe jaji. Katika kesi ya Akonaay, 1994, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Mali gani hiyo inayopotea kwa subira?

Mkienda likizo, fungueni ule mfuko wa barua wa babu. Tafuteni yenye saini ya kambini, toeni kopi. Na notisi ya kuishtaki Serikali ni siku 90, kwa hiyo msingoje mwaka wa 12.