Kuaga Diwani ni Kufunga Daftari

Muhula wa baraza unapokaribia ukingoni, sisi Wakenya tuna desturi inayofahamika. Hufanyika kikao cha mwisho, wajumbe wakasifiana, wakaombana radhi kwa maneno makali yaliyopita ukumbini, wakapigwa picha, kisha kila mmoja akashika njia yake. Desturi hiyo si mbaya, kwani mwungwana haondoki bila ya kuaga. Hata hivyo, liko swali linalopasa kuulizwa, na hasa katika visiwa vya Lamu: diwani anapoaga, humwaga nani, na huaga kwa lipi?

Tuanze na lugha yenyewe, maana mara nyingi lugha huhifadhi hekima ambayo wasemaji wake wameisahau. Kitenzi aga huzaa agana, na agana lina maana mbili: kupeana kwaheri na kuwekeana ahadi. Humo ndimo lilimotoka jina agano. Buriani nalo wataalamu hulinasibisha na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuondokewa na deni au lawama. Ndiyo sababu wazee wetu hutakana buriani: huachiliana haki zilizobaki baina yao. Kwa Mswahili, basi, saa ya kuagana ni saa ya kuhesabiana.

Neno diwani lina kisa kama hicho. Lilitufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu. Katika zama za Khalifa Umar bin Khattab lilikuwa daftari la kuandikia watu na stahiki zao. Baadaye likawa jina la ofisi, la baraza, na hata la mkusanyo wa mashairi. Katika pwani ya Mrima likawa cheo cha watawala wa miji. Leo sisi humwita diwani yule tuliyemchagua atusemee. Cheo tumekihifadhi, daftari tumelisahau. Nao wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Amu si mgeni wa mabaraza. Kabla ya kuingia chini ya masultani wa Busaidi katika karne ya 19, mji huo uliongozwa na wazee wake, wa upande wa Zena na wa upande wa Suudi, na kikao cha utawala kilijulikana kwa jina la Yumbe. Zikaja serikali za kikoloni, likaja Baraza la Kaunti ya Lamu, nalo likatoweka mwaka 2013 pamoja na mabaraza mengine ya nchi hii, yote jumla 175. Mahali pake pakasimama Bunge la Kaunti, lenye wawakilishi wa wadi 10, kuanzia Kiunga na Basuba hadi Witu na Hongwe, pamoja na wajumbe wa kuteuliwa.

Kuondoka kule kwa 2013 hakukuwa kwa madiwani peke yao. Baraza zima liliaga. Sheria ya mwaka 2012 iliunda Mamlaka ya Mpito ili, pamoja na kazi nyingine, ikague mali na madeni ya mabaraza hayo. Muda wa Mamlaka hiyo ulikwisha mwaka 2016 na kazi ya ukaguzi haijakamilika.

Athari ya jambo hili huonekana wazi mtu akiitazama ardhi. Mnamo Julai 31, 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru kufutwa kwa hatimiliki za ekari zipatazo 500,000 katika Lamu, zilizokuwa zimegawiwa makampuni na vikundi 22 mnamo 2011 na 2012. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya baraza la zamani. Simtuhumu diwani yeyote, kwani ugavi wa ardhi ya serikali ulikuwa na wakuu wake. Hoja yangu ni kwamba baraza linaloaga kwa daftari humwachia mwananchi ushahidi: lipi liliulizwa, nani alijibu, na lipi lilinyamaziwa. Asiyekuwa na ushahidi huo hulazimika kungoja amri kutoka Nairobi.

Yamkini msomaji atasema kwamba kumbukumbu ni kazi ya karani, na kwamba diwani hashiki fedha wala hatimiliki. Ni kweli karani huandika yaliyosemwa. Lakini Kifungu cha 185 cha Katiba kimempa mjumbe wajibu wa kuisimamia serikali ya kaunti, na Kifungu cha 63 kimeiachia kaunti amana ya ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Msimamizi wa amana hatoki kwa hotuba. Hutoka kwa hesabu.

Basi kila mwakilishi anayeondoka na aache maandishi mafupi: maombi ya wananchi ambayo hayajajibiwa, miradi iliyoanzwa ikakwama, na mali ya umma iliyomo wadini mwake. Maandishi hayo yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7, na yasomwe wadini. Mvuvi wa Kiunga hana sababu ya kusafiri baharini hadi Amu ili ajue haja yake iliishia wapi.

Walimu nao wana nafasi yao. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa jinsi baraza linavyochaguliwa afundishwe pia jinsi linavyopaswa kuondoka. Mpe zoezi aandike ripoti ya kukabidhi wadi yake, aone ni mangapi atakayoweza kuyajaza. Uchaguzi mkuu umepangwa na Katiba kuwa Agosti 2027. Watakaoaga wakati huo wapewe mkono wa heshima, ila kwanza waulizwe daftari liko wapi. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa ikiwa imehesabiwa.