Kikaango si cha kujishikiza

Utamu wa baga ya jibini uko kwenye ukoko wa kahawia, na ukoko huo hutokana na nyama kugusana na chuma cha moto. Kwa hiyo hoja ya wanaodai kwamba baga ya kweli ni ya mkaa na kikaango ni cha kujishikiza tu, haina mashiko. Wavu wa jiko la mkaa hugusa nyama kwa mistari. Kikaango kizito huigusa upande mzima. Mabadiliko yanayoleta ukoko huo, aliyoyaeleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, hushika kasi kwenye takriban nyuzi 140 za Selsiasi, mradi uso wa nyama umekauka. Kumkatisha tamaa mwenye jiko la gesi ni kumnyima chakula kizuri bure.

Wenye hoja hiyo hukataza pia kukandamiza nyama. Hapo wana ukweli nusu. Donge baridi likikandamizwa mara tu linapotua kikaangoni, mafuta yake bado yameganda, hayamwagiki. Likikandamizwa baada ya dakika mbili, mchuzi mwingi hutoka. Chumvi hunyunyizwa juu mara donge linapotua kikaangoni, kwani ikikandiwa ndani mapema nyama hushikamana kama soseji. Nyama ikishageuzwa, jibini huwekwa juu na kikaango hufunikwa kidogo ili mvuke uiyeyushe. Katikati, nyama ya kusaga ifike nyuzi 71.