Keki ya Kumuaga Mhasibu na Kikokotoo Kinachomsubiri Mlangoni

Sina ugomvi na sherehe. Mtu aliyekaa idara ya fedha ya halmashauri miaka thelathini, akaandika hati za malipo kwa mkono mpaka kompyuta zikamkuta pale pale, anastahili cheti, picha na keki. Hata sisi wa huku Amani tunapiga makofi. Ninachouliza ni hiki: makofi yakiisha, anaondoka na nini?

Tupige hesabu, maana hawa ni watu wa hesabu. Chukua mtumishi aliyekuwa PSPF au LAPF, mshahara wa kukokotolea shilingi 1,000,000 kwa mwezi, utumishi miezi 360. Kanuni ya zamani ilikuwa moja ya 540, mara 15.5, nusu kwa mkupuo. Angechukua milioni 62. Mwaka 2018 serikali ya CCM ikaunganisha mifuko kuwa PSSSF, ikaja na kikokotoo kipya. Kelele zikapigwa, Rais Magufuli akakisitisha Desemba ile ile. Tukadhani yameisha. Wapi! Julai 2022 kikarudi na sura nyingine: moja ya 580, mara 12.5, asilimia 33. Mtu yule yule, milioni 30 na laki saba. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi asilimia 40, tukaambiwa tushukuru. Haya, milioni 37 na laki mbili. Hizo karibu milioni 25 ziko wapi?

Watasema pensheni ya mwezi imepanda. Kweli imepanda, kutoka kama 333,000 hadi 372,000. Elfu 39! Kwa mwendo huo pengo la mkupuo linazibika baada ya miaka 52 na ushee. Aliyestaafu na miaka 60 ajitahidi basi afike 112. (Na huyu ndiye aliyewakokotolea wenzake malipo maisha yake yote.)

Huku kwetu milimani mkupuo ndiyo nyumba ya bati, ndiyo shamba la iliki, ndiyo ada ya mtoto wa mwisho. Mzee hawezi kwenda kwa fundi akamwambia nitakulipa elfu 39 kila mwezi.

Kwa hiyo vijana wenzangu, Mei Mosi ijayo, mzee wetu akiitwa mbele kupokea cheti chake, tumpigie makofi mpaka viganja viume. Halafu, mgeni rasmi akiwa bado kashika kipaza sauti, tumuulize: asilimia 50 inarudi lini?